Maswali ya Wasomaji: Mvumbuzi Akihama, Waliobaki Hupungukiwa na Nini?

Toleo lililopita lilikuwa na makala fupi iliyodai kwamba mvumbuzi hodari anapohama, hasara ya mji anaouacha ni kubwa kuliko kazi za mikono yake mwenyewe, kwa kuwa wapo watu waliokuwa wakifanya kazi vizuri zaidi kwa sababu yake. Barua zilizofuata zimenilazimu kulitengea jambo hili ukurasa mzima. Nimechagua nne, na waandishi wake nimewataja kwa kazi na miji yao tu.

Mheshimiwa Mhariri, nafundisha fizikia katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wawili walio bora kuliko wote niliopata kuwafundisha wako ng'ambo, na juu yao sina wasiwasi. Wasiwasi wangu ni kwa waliobaki. Je, kuna ushahidi kwamba mvumbuzi au mwanasayansi mkubwa akiondoka, wenzake aliowaacha hushuka? Au ni hisia zetu tu za kuachwa?
*Mwalimu, Mbale*

Mwalimu, si hisia tu. Ushahidi upo, na ulihitaji kukusanywa kwa uangalifu kwa sababu swali lako lina mtego ndani yake. Mtu anayehama huwa na sababu zake: pengine maabara ilikuwa imekwisha kudorora, fedha zimekauka, wenzake wamekata tamaa, nawe ukiona kazi imeshuka baada ya yeye kuondoka, huwezi kujua kama kuondoka kwake ndiko kulikoishusha au aliondoka kwa kuwa aliiona ikishuka. Ndiyo maana watafiti waliotaka jibu la kuaminika waliacha kuwatazama wanaohama kwa hiari, wakawatazama watu walioondolewa na mambo ambayo wao wenyewe hawakuyachagua, yaani vifo vya ghafla na amri za kufukuzwa.

Mwaka 2010 Pierre Azoulay, Joshua Graff Zivin na Jialan Wang walichapisha utafiti juu ya wanasayansi mashuhuri wa tiba na elimu ya viumbe nchini Marekani waliofariki wakiwa bado katikati ya kazi. Waliwafuatilia wale waliokuwa wakiandika pamoja nao, wakaona kwamba kazi zao, zikipimwa kwa wingi na kwa uzito, zilipungua kwa asilimia 5 hadi 8, na pengo hilo halikuzibika baada ya mwaka mmoja au miwili. Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba hasara haikuwafuata majirani wa ofisi. Iliwafuata waliokuwa karibu naye kimawazo, hata kama walikaa mji mwingine. Kilichopotea, basi, kilikuwa yale maswali aliyokuwa akiwauliza na makosa aliyokuwa akiwaonyesha kabla hawajayachapisha.

Mfano wa pili ni wa Ujerumani. Mwaka 1933 utawala wa Hitler uliwafukuza Wayahudi na wapinzani wa siasa zake kutoka vyuo vikuu, na Göttingen, uliokuwa mji mkuu wa hisabati duniani, ukabaki na madarasa yasiyo na walimu wake. Fabian Waldinger amechunguza kwa kina yaliyofuata. Wafanyakazi wenzao wa idara moja, kwa jumla, hawakuonekana kushuka. Walioshuka ni wale waliokuwa wakishirikiana nao kuandika. Lakini walioumia waziwazi ni wanafunzi wa shahada ya uzamivu. Wale ambao idara zao zilipoteza walimu wakubwa walikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kuchapisha tasnifu zao, na ndogo zaidi ya kuja kuwa maprofesa. Kwa hiyo wasiwasi wako, Mwalimu, umeelekea pale pale panapostahili. Profesa mwenye umri wa miaka hamsini ana njia zake tayari. Kijana wa miaka ishirini na mitano bado anatafuta wa kumwonyesha swali lipi linafaa kuulizwa.

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu sisi tuna mfano wetu ambao nadhani unafundisha zaidi ya huo wa Göttingen. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, akiwa hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya wa watoto ambao leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1967 kikafunguliwa hapo Mulago kituo cha kutibu ugonjwa huo, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere na taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani, chini ya daktari John Ziegler. Kituo hicho ndicho mwanzo wa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Humo ilithibitishwa, kwa kuchanganya dawa, kwamba watoto wengi waliokuwa wakihesabiwa kuwa wa kufa wangeweza kupona. Mwaka 1972, katika misukosuko ya utawala wa Amin, madaktari wa Kimarekani waliondoka. Kwa kanuni ya kawaida kituo kile kingekufa. Hakikufa, kwa sababu Charles Olweny, daktari Mganda aliyekuwa amefanya kazi pamoja nao, alishika uongozi, na matibabu na utafiti vikaendelea katika miaka ambayo hata glavu zilikuwa shida kupatikana.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji atue kidogo. Kuondoka kwa wakubwa mwaka 1972 kulistahimilika, kwa kuwa mikono iliyokuwa imefunzwa ilikuwepo. Kilichotuvunja ni kile kilichofuata: Olweny naye hatimaye alitoka nchini, vita vikaja, mishahara ikawa haitoshi hata kulisha familia, na wale ambao wangepaswa kufunzwa na waliofunzwa hawakupatikana. Kufikia mwaka 2004, Jackson Orem alikuwa daktari bingwa pekee wa saratani katika nchi yote. Watu milioni ishirini na ushee, daktari mmoja. Hasara kubwa haikutokea siku mtu mashuhuri alipopanda ndege; ilitokea polepole, mwaka baada ya mwaka, kila kijana alipokosa wa kusimama nyuma yake akiangalia anavyofanya.

Nami niliwahi kuonja kidogo tu ya haya. Nikiwa mwanafunzi, mhadhiri mmoja aliyekuwa roho ya maabara yetu alipata kazi kusini mwa Afrika, akaondoka katikati ya mwaka. Kifaa alichokuwa akikitumia kupima kiasi cha madini katika maji kilibaki mezani, kizima kabisa, chini ya kitambaa cheupe. Hakuna kati yetu aliyejua kukirekebisha kabla ya kupima. Kilikaa hivyo mpaka tulipohitimu, na mpaka leo nikikikumbuka kitambaa kile roho huniuma.

Sitakuwa mkweli nisipotaja upande mwingine. Azoulay na wenzake walirudi baadaye kwenye wale wanasayansi waliofariki, wakakuta kwamba baada ya kifo cha mkubwa, watu wapya kutoka nje ya kundi lake waliingia katika fani ile na kuleta kazi zenye uzito. Mtu mkubwa anaweza, bila kukusudia, kuziba mlango. Hata hivyo, kwa nchi yenye wataalamu wachache kama yetu, sioni kwamba faraja hiyo inatufaa sana: ili wageni waingie, lazima wawepo wageni wenyewe, wenye elimu na vifaa, wakisubiri nje ya mlango.

Mhariri, mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Makala yenu inazungumzia maprofesa na hataza, yaani haki za kisheria juu ya uvumbuzi. Huku kwetu hakuna mwenye hataza. Yule aliyekuwa mkali kuliko sisi sote kwa mashine za kukoboa na kusaga alihamia Juba, na tangu aondoke wateja wa mashine hizo wamepungua. Je, na sisi mambo haya yanatuhusu?
*Fundi, Katwe, Kampala*

Fundi, yanawahusu ninyi kuliko maprofesa. Profesa akiondoka, huacha makala, vitabu na daftari za maabara. Fundi akiondoka na hakuandika kitu, anaondoka na kila kitu.

Hataza yenyewe, ukiitazama vizuri, ni mapatano: dola inampa mvumbuzi haki ya kuzuia wengine wasimuigize kwa muda, kwa kawaida miaka 20, naye kwa malipo ya haki hiyo anaandika hadharani jinsi chombo chake kinavyofanya kazi. Hapa kwetu inasajiliwa na ofisi ya usajili ya taifa chini ya sheria ya mali za viwandani ya mwaka 2014, na sheria hiyo inatambua pia maboresho madogo yenye manufaa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yanayofanana zaidi na kazi za Katwe. Lakini hata maandishi hayatoshi. Mwaka 1993 Adam Jaffe, Manuel Trajtenberg na Rebecca Henderson walionyesha kwamba hataza za Marekani hurejelewa zaidi na wavumbuzi wa mji ule ule zilikotoka kuliko inavyotarajiwa kwa bahati tu. Maelezo yako wazi kwa dunia nzima, na bado wanaoyatumia kwanza ni majirani. Sababu yake wewe unaijua kuliko mimi: kuna mambo hayasemeki, huonekana tu mtu anapoinamia chuma, anapoamua kupunguza moto, anapogonga ekseli na kusikiliza mlio.

Maana yake ni kwamba Katwe, ambako karakana zimeshikana ukuta kwa ukuta na kila mmoja anaona cha mwenzake, ni shule ya uvumbuzi hata kama hakuna aliyeiita hivyo. Ningewashauri mfanye mambo mawili kabla hajaondoka mwingine. Kila mashine inayokubalika na wateja ikatiwe vipimo vya bati, vikatundikwa ukutani na kuandikwa tarehe na kazi yake. Na aliyehama Juba asihesabiwe kuwa amekufa. Mpigieni. Mtumieni picha ya mashine inayosumbua. Fundi anayejivunia kazi yake hufurahi kuulizwa, naye huko aliko anakutana na injini na vipuri ambavyo ninyi bado hamjaviona.

Moses Musaazi wa Makerere alipobuni pedi za MakaPads kwa mafunjo na karatasi taka, kazi ya kuzitengeneza walifundishwa watu wa kawaida, wakiwemo wakimbizi wa makazi ya Kyaka. Ujuzi uliogawanywa hivyo hauhami kwa tiketi moja.

Mpendwa Mhariri, binti yangu amemaliza masomo ya uhandisi wa kompyuta na amepata nafasi ya utafiti Ulaya. Baba zake wadogo wanasema anaikimbia nchi iliyomsomesha, kwamba hiyo ni kyeyo, yaani kwenda kutafuta riziki ng'ambo, kama kyeyo nyingine. Mimi ni mama yake, sitaki kumzuia, wala sitaki aende na lawama moyoni. Nimwambie nini?
*Mama, Jinja*

Mama, mwambie aende, na mwambie pia asifunge mlango nyuma yake. Wazee hao wana uchungu wa kweli na sitaki kuudharau, ila nadhani wanauelekeza pasipo pake.

Ernest Mwebaze alikuwa mtafiti wa akili mnemba pale Makerere, katika maabara iliyojulikana kwa kufundisha simu kutambua magonjwa ya muhogo kwa picha ya jani. Kampuni ya Google ilipofungua maabara yake Accra mwaka 2019, alikwenda kufanya kazi huko. Kisha akarudi Kampala kuongoza Sunbird AI, ambayo inashughulika, pamoja na mengine, na tafsiri ya lugha za Uganda. Ukihesabu siku ya kuondoka tu, Makerere ilipoteza mtu. Ukihesabu safari yote, hesabu inabadilika.

Taiwan inatajwa mara nyingi katika jambo hili, na kwa kawaida hadithi yake husimuliwa nusu. Husemwa kwamba mhandisi Morris Chang, baada ya kufanya kazi katika kampuni ya Marekani ya Texas Instruments kwa miaka 25, alikwenda Taiwan mwaka 1985, na mwaka 1987 akaanzisha TSMC, kiwanda ambacho leo kinatengeneza chipu kwa ajili ya kampuni kubwa za dunia. Ni kweli. Kinachoachwa ni kwamba Chang hakuwa mzaliwa wa Taiwan, wala hakukuta ardhi tupu. Taasisi ya utafiti wa viwanda ya huko ilikuwapo tangu mwaka 1973, na kuanzia mwaka 1976 ilikuwa imewapeleka wahandisi vijana Marekani, katika kampuni ya RCA, kujifunza kutengeneza chipu na kurudi nyumbani. Mkubwa alipofika, alikuta timu inayoelewa anachosema. Baba zake wadogo wangeuliza, basi, si kwa nini binti anaondoka, bali ni nani anaandaliwa hapa wa kuelewana naye siku atakaporudi.

Na kama hatarudi? Ajay Agrawal na wenzake, mwaka 2011, walichunguza hataza za wavumbuzi wa India, wakauliza kama anayehama hubaki kuwa hazina kwa waliobaki. Jibu lao lina pande mbili. Kwa ujuzi wa kawaida, kukaa nchi moja kunafaa zaidi, umbali hugharimu. Lakini katika uvumbuzi wenye thamani kubwa kabisa, mahusiano na Wahindi walioko ng'ambo yalionekana kuwa na mchango wa pekee. Hii inakubaliana na tulichokiona hapa: gari la umeme la Kiira lililozinduliwa Makerere mwaka 2011 lilitanguliwa na wanafunzi wa Makerere kushiriki mradi wa kimataifa wa gari ulioongozwa na wanafunzi wa Massachusetts Institute of Technology. Walishiriki na wa mbali, wakajenga nyumbani.

Ila kuna tahadhari moja, nayo ningependa binti yako aisome mwenyewe. Uhusiano wa mbali unaweza kuvuta upande mmoja. Sampuli za ule uvimbe wa Burkitt wa watoto wetu zilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, kwa mtafiti Anthony Epstein, na mwaka 1964 vikatangazwa virusi vilivyokutwa ndani yake, ambavyo ulimwengu unaviita Epstein-Barr. Ni ugunduzi mkubwa, umesaidia binadamu wote, na sina neno baya juu yake. Lakini hadubini ilikuwa London, na waliojifunza kuitumia walikuwa London. Kwa hiyo akishika kazi, asitume Uganda maombi ya takwimu tu. Atafute mwanafunzi mmoja Makerere, Mbarara au Gulu, waandike pamoja, na jina la mwanafunzi huyo liwemo katika kazi inayochapishwa. Mmoja anatosha kwa kuanzia.

Mhariri, kwa nini serikali isiwafunge kwa mkataba wale inaowasomesha, na wakati huohuo ikawapunguzia kodi wavumbuzi ili wasihame? Mshahara wa mtu mwenye ujuzi unakatwa hadi asilimia 40.
*Mtumishi wa umma, Mbarara*

Ndugu yangu, kuhusu kodi nitajibu kwa ufupi. Ni kweli kwamba sehemu ya mshahara inayozidi shilingi milioni 10 kwa mwezi hukatwa asilimia 40. Utafiti wa Ufuk Akcigit, Salomé Baslandze na Stefanie Stantcheva wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wavumbuzi wa daraja la juu kweli huangalia kodi wanapochagua pa kuishi, lakini wanaoyumbishwa nayo zaidi ni wageni. Wazawa hawahami kirahisi kwa sababu hiyo. Watafiti wengi wa Uganda hata hawafikii kiwango hicho cha mshahara. Kuwapunguzia kodi ni kuwapa dawa ya ugonjwa wasiougua.

Mshahara wenyewe ni jambo jingine. Uamuzi wa mwaka 2022 wa kumlipa mwalimu wa sayansi mwenye shahada shilingi milioni 4 ulileta mgomo wa walimu wa masomo ya sanaa, nami nilielewa uchungu wao. Hata hivyo sikuupinga uamuzi huo, kwa kuwa mtu asiyejua kama atalipa karo ya watoto wake hana utulivu wa kuvumbua.

Mkataba wa kurudi ndio unaonishughulisha. Unaweza kumrudisha mtu na usiirudishe kazi yake. Anarudi kwa kuogopa faini, anakuta umeme unakatika, vitendanishi, yaani kemikali za maabara, vimekwama forodhani mpaka vimeharibika, na yeye ni peke yake katika fani yake. Muda wa mkataba ukiisha, anaondoka kihalali. Linganisha na kilichofanyika Mulago baada ya mwaka ule wa 2004, nilipomtaja Orem. Taasisi ya Saratani ya Uganda iliingia ushirikiano na kituo cha utafiti wa saratani cha Fred Hutchinson cha Seattle, Marekani, madaktari wetu wakaenda kusomea huko kwa zamu, na mwaka 2015 likafunguliwa jengo la pamoja hapo Mulago lenye kliniki na maabara. Walikuwa na wagonjwa wanaowasubiri, vifaa walivyovizoea na wenzao wa kubishana nao.

Kwa hiyo mkataba ningeukubali iwapo ungefunga pande zote mbili. Mwanafunzi aahidi kurudi kwa miaka kadhaa, na serikali iahidi kwa maandishi kwamba siku atakaporipoti kazini atakuta maabara iliyotajwa kwa jina, bajeti ya vitendanishi kwa mwaka wa kwanza, na wanafunzi wawili wa uzamili waliokwisha kuchaguliwa kufanya kazi chini yake. Serikali ikishindwa kutimiza, mkataba uvunjike, na asidaiwe hata shilingi.